Hukumu ya korti ya chini si mwisho wa kesi: historia ya shamba, karatasi na haki ya kusema "sikubali"

Karatasi ya tribunali ikibandikwa mlangoni, wengi wetu husema: kesi imekwisha. Tunafunga mizigo, tunaanza kuuliza ni ndugu gani ana chumba. Wengine hawaioni hata hiyo karatasi, kwa sababu ilibandikwa wakati wao walikuwa wamekimbia vita na nyumba ilikuwa tupu. Siku wanaporudi wanakuta mtu amepima, amejenga, amepanda mihogo, na ana hukumu yenye muhuri mkononi. Anawauliza: "Mlikuwa wapi siku zote?"

Ndugu wasikilizaji, na ninyi ndugu zetu mliohama makwao, swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyofikiri. Katika nchi yetu hukumu ya korti ya chini inaweza kuangaliwa upya na korti ya juu. Ngazi hiyo ya korti ilikuwepo tangu wakati wa mfalme Leopold II. Kilichobadilika kutoka kizazi hadi kizazi ni jambo moja: nani anaruhusiwa kuipanda, na kwa karatasi gani. Anayeijua historia hiyo hataogopa muhuri wa kwanza atakaoonyeshwa.

1885: ardhi "tupu" inapata mwenyewe mpya

Tarehe 1 Julai 1885, mwaka uleule Dola Huru la Kongo lilipoanzishwa, ilitoka amri fupi juu ya ardhi. Ilisema kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya Dola. Ilisema pia kwamba hakuna ruhusa ya kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayoikalia. Ukisoma maneno hayo mawili pamoja, unaweza kudhani ni haki. Shida ilikuwa katika neno "kukalia". Kwa mzungu wa wakati ule, ardhi iliyokaliwa ni ile yenye nyumba na shamba lililolimwa. Msitu wa kuwinda, malisho, shamba lililopumzishwa ili udongo urudi na nguvu, mahali pa kuzika wazee: vyote hivyo vilionekana kuwa vitupu. Hivyo sehemu kubwa ya nchi ikawa mali ya Dola kwa mstari mmoja wa kalamu.

Pamoja na amri hiyo ulikuja utaratibu wa kuandikisha ardhi katika kitabu cha serikali, na mwenye kuandikishwa kupewa cheti. Huo ndio mzizi wa karatasi tunayoiita leo "certificat d'enregistrement", inayotunzwa na konservateri. Tangu mwanzo, basi, kulikuwa na watu wa namna mbili: wenye ardhi kwa karatasi, na wenye ardhi kwa kumbukumbu ya wazee.

Na korti? Zilikuwepo. Kulikuwa na tribunali kule Boma, na juu yake korti ya rufaa. Mwaka 1889 kuliundwa baraza la juu, Conseil supérieur, kule Bruxelles. Mwenye kampuni ambaye hakuridhika na hukumu aliweza kwenda hadi Ulaya kuomba iangaliwe tena. Lakini mkulima wa Kabare au mfugaji wa Djugu angefikaje Bruxelles? Ngazi ilikuwepo, lakini mguu wake ulikuwa mbali sana na kijiji.

1926: korti mbili, haki mbili

Baada ya Ubelgiji kuichukua nchi mwaka 1908, serikali ya koloni iliona haiwezi kutawala bila masultani na wami. Mwaka 1926, kwa dekreti ya tarehe 15 Aprili, ilizitambua rasmi korti za wenyeji. Mwami au shefu wa sekta alikaa na wazee wake, wakaamua kesi kwa desturi: mipaka, urithi, mahari, deni la ng'ombe.

Hapa ndipo tunapokutana na kitu kilicho karibu sana na mada yetu. Hukumu ya korti ya sheferi haikuwa ya mwisho. Ilikuwa na korti ya teritwari juu yake, iliyoweza kuichukua na kuihukumu upya. Parke nayo iliweza kuifuta kabisa kama sheria imevunjwa. Kwa hiyo babu zetu walijua jambo hili: mwami amekata kesi, lakini mtu anaweza kupanda juu kudai iangaliwe tena.

Lakini nani alikaa huko juu? Korti ya teritwari iliongozwa na administrateri, mtu yuleyule aliyekusanya kodi na kulazimisha watu kufanya kazi ya barabara. Aliyekuwa na neno dhidi ya serikali alikuwa analipeleka kwa serikali. Tena korti za wenyeji ziliamua kesi za mwenyeji na mwenyeji tu. Kama aliyechukua shamba lako ni mlowezi au kampuni, kesi ilitoka mikononi mwa mwami, ikaenda kwenye korti ya sheria iliyoandikwa, kwa Kifaransa, na yenye kuuliza kwanza: karatasi yako iko wapi?

Kwetu Kivu jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Mwaka 1925 ilianzishwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi katika eneo kubwa. Yakaja mashamba ya kahawa, chai, kinini na pareto kwenye milima ya Masisi, Rutshuru, Kalehe na Kabare. Mwaka 1934 ilitoka dekreti iliyotaka uchunguzi ufanyike kabla ya kusema kwamba ardhi ni tupu, na wenyeji wasikilizwe. Kwa maandishi ilikuwa hatua nzuri. Kwa vitendo, mara nyingi anayesikilizwa alikuwa shefu peke yake, naye alijibu akiwa mbele ya bwana wake.

Wakati huohuo, vijijini, desturi iliendelea na kazi yake. Kule Bushi mtu alitoa kalinzi kwa mwami au kwa mwenye kilima, ng'ombe au mbuzi, mbele ya mashahidi, akapata shamba la kudumu ambalo watoto wake watalirithi. Ambaye hakutoa kalinzi aliweza kupewa shamba la bwasa, la kulima kwa muda tu. Mambo hayo yalikuwa na utaratibu, yalikuwa na mashahidi, yalikuwa na tofauti kati ya haki ya kudumu na haki ya muda. Hayakuwa na muhuri, ndiyo tofauti yake kubwa.

1960 hadi 1973: uhuru unakuja, karatasi inabaki

Tarehe 7 Machi 1960, karibu miezi 4 kabla ya uhuru, ilitiwa sahihi sheria ya namna ya kuendesha kesi za madai kortini. Wengi hushangaa wakisikia: sheria hiyo ndiyo inayotumika hadi leo katika korti zetu, pamoja na marekebisho. Siku 30 za rufaa na siku 15 za kupinga hukumu iliyotolewa bila wewe kuwepo zinatoka humo. Nchi imebadilisha jina mara kadhaa, bendera imebadilika, lakini hesabu ya siku ni ileile.

Mwaka 1966 ilikuja sheria ya Bakajika, iliyorudisha ardhi na mali ya chini ya ardhi mikononi mwa Dola la Kongo. Watu walishangilia, kwa sababu walidhani mashamba ya wazungu yanarudi vijijini. Mwaka 1968 sheria nyingine iliamua kwamba korti za desturi zitaondoka polepole, na mahali pake zitawekwa tribunali za amani. Mwaka huohuo Korti Kuu ya nchi ilianza kazi Kinshasa, kwa hiyo mwisho wa ngazi haukuwa tena Bruxelles.

Kisha ikaja sheria ya 20 Julai 1973, nambari 73-021, ambayo ndiyo mama wa migogoro yetu mingi. Inasema kwamba ardhi yote ni mali ya Dola peke yake, haiuzwi wala haipotei kwa muda kupita. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na setifika ya konservateri. Na ardhi za vijiji, zile za desturi? Kifungu cha 387 kinasema nazo zimekuwa za Dola. Kifungu cha 389 kikaongeza kwamba haki za watu juu ya ardhi hizo zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri.

Amri hiyo watu waliingoja mwaka baada ya mwaka, marais wakapita, haikutoka. Mamilioni ya wakulima wakabaki katikati: desturi yao haikukatazwa wazi, wala haikuwekewa utaratibu wake. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zairianizasio, na mashamba mengi ya wageni wakapewa wale watu walioitwa "acquéreurs". Aliyekuwa na rafiki Kinshasa au kwenye ofisi ya ardhi alipata setifika juu ya kilima chenye watu. Waliokuwa wanalima pale kwa vizazi vitatu wakaitwa wavamizi.

Sheria hiyohiyo ilikuwa imeweka kinga. Kabla ya kutoa ardhi ya vijijini, lazima uchunguzi ufanyike: kwenda mahali penyewe, kupima mipaka, kuhesabu watu waliokutwa pale, kuandika vilivyomo, kuwasikiliza wenye madai. Uchunguzi usipofanyika, au ukifanyika mezani bila mtu kupanda kilima, aliyeumizwa ana hoja nzito mbele ya korti. Lakini ana muda mfupi. Setifika ikishapita miaka 2 bila kupingwa, kuiangusha kunakuwa kugumu mno, na mara nyingi aliyepoteza hubaki kudai fidia ya pesa tu. Miaka 2 ni kidogo kwa mtu aliye kambini. Wengi wamekaa kambini zaidi ya hapo.

Pale ngazi inapokosekana

Kwa miaka mingi teritwari nyingi hazikuwa na tribunali ya amani. Sheria ya 1968 ilikuwa imezitaja, lakini majengo hayakujengwa na mahakimu hawakutumwa. Mkulima wa ndani ya Masisi au Walikale aliyetaka kupinga uamuzi alihitaji siku kadhaa za kutembea, pesa ya karani, pesa ya mwanasheria, na mahali pa kulala mjini. Aliyeshitakiana naye mara nyingi alikuwa na gari na nyumba mjini.

Tumeona matunda yake. Vita vya 1993 katika Masisi na Walikale vilikuwa na sababu kadhaa, za siasa na za uraia, lakini ardhi na mamlaka ya kuigawa vilikuwa katikati. Mwaka 1999 kule Djugu, katika Ituri, mgogoro wa mashamba makubwa yaliyorithiwa kutoka enzi za walowezi ulisaidia kuwasha moto uliochukua maisha ya maelfu ya watu. Huko kote kulikuwa na karatasi, na kulikuwa na watu waliosema karatasi hizo zilipatikana kwa njia isiyo halali. Hapakuwa na korti ya juu ambayo pande zote mbili ziliiamini kuangalia jambo hilo upya. Mtu akikosa mahali pa kusema "sikubali" kwa mdomo, atalisema kwa panga, na hapo wanaolipa ni watoto.

Ndiyo maana mapatano ya Goma ya tarehe 23 Machi 2009, kati ya serikali na CNDP, yalizungumzia kamati za upatanisho za mahali, zisaidie hasa katika mambo ya ardhi wakati wakimbizi wanaporudi. Kamati hizo na mashirika ya upatanishi yamemaliza migogoro mingi midogo. Lakini upatanisho ni makubaliano. Una nguvu kati ya wale waliotia sahihi, wala hauondoi korti. Mwenye kulazimishwa kutia sahihi hajapatanishwa.

2006: desturi katika Katiba

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ina mambo mawili ambayo kila familia iliyohama inapaswa kuyajua kwa kichwa.

La kwanza ni kifungu cha 34. Kinasema Dola linalinda haki ya mali ya mtu mmoja au ya jamii, iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Neno "desturi" limeandikwa pale wazi. Hakimu hawezi kukuambia kwamba, kwa kuwa huna setifika, huna kitu chochote. Anapaswa kuuliza ulipataje shamba hilo, kwa desturi gani, mbele ya nani. Kifungu hicho kinaongeza kwamba mali ya mtu haikamatwi bila uamuzi wa mamlaka ya korti yenye haki ya kufanya hivyo. Uamuzi wa mtu mwenye bunduki, hata ukiandikwa vizuri na kupigwa muhuri, hauwi hukumu.

La pili ni kifungu cha 21. Kila hukumu lazima iandikwe na itoe sababu zake, na isomwe mbele ya watu. Haki ya kupinga hukumu inahakikishwa kwa wote. Kwa wote: mwenye setifika na mwenye kalinzi, mwenye nyumba na mwenye hema. 

Mwaka 2013 sheria ya tarehe 11 Aprili ikapanga upya korti. Kwa ufupi ngazi ya leo iko hivi. Migogoro ya ardhi inayofuata desturi, pamoja na urithi, huanzia tribunali ya amani. Pale panapohitajika kutumia desturi, wazee wanaoijua hukaa pamoja na hakimu. Rufaa yake inakwenda Tribunal de grande instance, TGI. Migogoro ya ardhi yenye setifika kwa kawaida huanzia TGI, na rufaa yake inakwenda Korti ya Rufaa. Juu kabisa, Kinshasa, kuna Korti ya Kasasio. Hiyo hairudii kusikiliza nani alilima wapi. Inaangalia kitu kimoja: je, korti za chini zilifuata sheria?

Milango minne, na siku zake

Tuchukue mfano. Tuseme mama mjane alikimbia na watoto wake 5. Shemeji zake walibaki, wakauza kiwanja cha marehemu. Mnunuzi akaenda kortini, akashinda, na sasa anataka nyumba ibomolewe. Mama ana njia gani?

Kama yeye mwenyewe ndiye aliyeshitakiwa, lakini kesi ikahukumiwa bila yeye kuwepo, mlango wake ni ule unaoitwa "opposition". Anarudi kwenye korti ileile, anasema: sikusikilizwa. Ana siku 15 tangu alipopewa hukumu mkononi na wisie wa korti. Kama hakupewa mkononi, kimsingi siku zinahesabiwa tangu alipopata habari. Lakini ubomoaji ukishakamilika, mlango huu umefungwa. Kumbuka pia kwamba mtu asiyejulikana anakaa wapi anaweza kuitwa kwa karatasi inayobandikwa mlangoni mwa korti. Kwa hiyo aliyehama amwachie jirani, mchungaji au kiongozi wa avenyu neno la mahali alipo, na amwombe mtu apite kutazama ubao wa korti.

Kama alikuwepo kwenye kesi na akashindwa, mlango ni rufaa, "appel". Ana siku 30 tangu aliposomewa hukumu rasmi na wisie. Rufaa inatangazwa kwa karani wa korti ya juu, na inahitaji nakala halali ya hukumu, ile wanayoiita "expédition". Wengi wamepoteza kesi nzuri kwa sababu hawakuichukua nakala hiyo. Na huwezi kuleta madai mapya kwenye rufaa. Unaomba yaleyale yaangaliwe upya.

Kama hakuwa katika kesi kabisa, jina lake halimo, lakini hukumu inamnyang'anya haki yake, mlango ni "tierce opposition". Mlango huu unawahusu wahamaji wengi, kwa sababu mara nyingi kesi huwa kati ya muuzaji na mnunuzi, wenye mali wakiwa mbali. Mama wa mfano wetu anaweza kusema: mimi na watoto hatukuitwa. Sheria ya familia ya mwaka 1987 inawaweka watoto kuwa warithi wa kwanza, wenye robo tatu ya mali ya marehemu, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa. Shemeji hauzi peke yake.

Mlango wa nne ni kasasio, kule Kinshasa, katika miezi 3 tangu hukumu ya mwisho ilipotolewa rasmi kwa mhusika. Huo ni mrefu, ni wa gharama, na kwa kawaida hausimamishi utekelezaji.

Sasa, jambo la utekelezaji. Rufaa kwa kawaida inasimamisha hukumu: mpaka korti ya juu iseme, nyumba haibomolewi. Lakini hakimu wa chini anaweza kuandika kwamba hukumu itekelezwe hata kama kuna rufaa. Ni maneno mafupi, "exécution provisoire", yanayokaa karibu na mwisho wa hukumu, na ndiyo yanayoleta polisi mlangoni. Sheria inataja lini hakimu anaweza kufanya hivyo, kwa mfano kukiwa na hati rasmi ya serikali. Akifanya nje ya sheria, aliyekata rufaa anaweza kuiomba korti ya juu haraka izuie utekelezaji. Ombi hilo linaitwa "défenses à exécuter". Ukipata hukumu, basi, usitazame tu nani ameshinda. Tafuta maneno hayo mawili, kisha mkimbilie mwanasheria siku hiyohiyo.

Asiye na pesa anaweza kumwomba rais wa korti amwondolee gharama kwa sababu ya umaskini, akionyesha hati inayothibitisha hali yake. Aliyezuiwa na vita kufika kwa wakati anaweza kueleza kwamba jambo lilikuwa nje ya uwezo wake, na hakimu ndiye atakayepima. Lakini asilale akitegemea hilo.

Batwa walipopanda hadi Banjul

Kuna kesi moja ya kwetu inayoonyesha ngazi hii inaweza kufika wapi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa tarehe 30 Novemba 1970, kisha ikapanuliwa mwaka 1975. Batwa waliokuwa wanaishi katika msitu huo waliondolewa, bila kuulizwa na bila kulipwa. Hawakuwa na setifika hata moja. Walikuwa na msitu, majina ya vilima na makaburi.

Walijaribu korti za nchi, hawakupata haki yao. Mwaka 2015 mashirika yaliyowatetea yakapeleka shauri mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, Gambia. Uamuzi wake ulitangazwa mwaka 2024: haki za Batwa zilivunjwa, ikiwemo haki yao juu ya ardhi ya mababu, na serikali inatakiwa kuwarudishia na kuwalipa. Ilichukua zaidi ya miaka 50 tangu walipotolewa.

Uamuzi ulio kwenye karatasi na ardhi iliyo mkononi ni vitu viwili tofauti, na Batwa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini hoja iliyoonekana kuwa ya kijinga mwaka 1970, kwamba mtu asiye na karatasi anaweza kuwa na haki, leo imeandikwa katika Katiba, na imekubaliwa na chombo cha bara zima. Haikukubaliwa kwa sababu wakubwa walikuwa na huruma. Kuna watu walikataa kuichukua hukumu ya kwanza kuwa neno la mwisho.

Vitu vya kubeba

Tunajua mtu anayekimbia risasi habebi sanduku la karatasi. Anabeba mtoto. Lakini kama kuna muda kidogo kabla mambo hayajaharibika, piga picha ya karatasi zako kwa simu, mtumie ndugu aliye mbali: setifika, mkataba wa kuuziana, fishi ya parseli, karatasi ya shefu, risiti ya kodi. Kama huna karatasi, andika majina ya majirani wa pande nne, mashahidi waliokuwepo siku ya kalinzi, miti iliyopandwa mpakani na nani aliipanda. Katika kesi ya desturi, huo ndio ushahidi wako. Wazee wanakufa kambini, nao wanaondoka na mipaka vichwani mwao. Waulize wakiwa hai, uandike.

Ukipewa karatasi ya korti, andika tarehe uliyoipokea, mbele ya mtu mwingine. Kuanzia hapo unahesabu siku 15 au siku 30, na hesabu hiyo haitakungoja hata ukiwa kambini.